Dirisha, Karani na Stoo

Siku ya kuniaga, walimu wenzangu, mlinipa vitu vitatu: saa ya ukutani, keki, na kazi ya nyumbani. Saa inaning'inia sebuleni kwangu hapa Kamenu na inakimbia dakika nne mbele, labda kunikumbusha kwamba sasa sina pa kuchelewa. Keki tuliimaliza palepale. Kazi ya nyumbani ndiyo hii. Mlitaka niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wapya namna programu ya mtandaoni inavyojengwa, kwa sababu, mlisema, noti nilizowaachia ni fupi na hadithi zangu ni ndefu. Ni kweli. Noti niliziandika nikidhani nitakuwepo siku zote kuzieleza.

Mjue kwanza kwamba sikuja Thika kufundisha mambo ya mtandao. Nilitoka Webuye nikiwa na cheti cha upigaji taipu na viatu vya visigino ambavyo nilivijutia kabla ya saa nne asubuhi. Darasa langu la kwanza lilikuwa na taipureta kumi na sita, na zikianza zote pamoja ungedhani mvua ya mawe inapiga mabati. Mwanafunzi mmoja aliyenizidi umri aliniangalia juu mpaka chini akaniuliza, "Mwalimu anakuja saa ngapi?" Nikamwambia yuko njiani. Nikatoka nje, nikanyoosha kola, nikaingia tena.

Kompyuta zilipoletwa, taipureta zilipelekwa stoo na mimi nikapelekwa kozi. Nyinyi wadogo hamtaamini jinsi tulivyoziheshimu zile kompyuta. Kila moja ilishonewa kitambaa chake chenye maua, kama viti vya sebuleni kwa shangazi. Hakuna aliyeingia na viatu. Wanafunzi walivipanga nje mlangoni, na ndani tukavuta harufu ya soksi ishirini kwa saa mbili tukijifunza kuwasha na kuzima. Sijui nani alituambia kwamba kompyuta inaumwa na vumbi la viatu lakini haiumwi na soksi.

Fundi wetu alikuwa Bwana Kariuki, aliyewahi kuwa fundi wa umeme viwandani kabla ya kuja chuoni. Hakuwa na cheti chochote cha kompyuta, na hakuna mtu aliyenifundisha zaidi yake. Njia yake ilikuwa moja tu. Aliniita akiwa amechuchumaa nyuma ya mashine, ameshika waya.

"Wewe msichana wa Webuye, kuja hapa. Niking'oa hii, nini itakufa?"

"Sijui, Bwana Kariuki."

"Basi ng'oa ujue."

Niking'oa, tunaangalia pamoja ni nini kimezimika na ni nini bado kinapumua. Tulizunguka chumba kizima hivyo, waya baada ya waya, mpaka nikaweza kukuambia kila kitu kinategemea nini. Alikuwa akisema kwamba kitu ambacho hujawahi kukiharibu kwa mkono wako mwenyewe bado hukijui. Alistaafu zamani, akarudi shambani kwake, na mpaka leo nikiona waya unaning'inia mkono huniwasha. Namkumbuka sana mzee yule.

Halafu mtandao ukaja, na mimi nikaambiwa, kwa kuwa nilikuwa na subira, nifundishe wanaoanza. Swali la kwanza nililoulizwa darasani sikulijibu. Kijana aliinua mkono: "Madam, hiyo website iko ndani ya hii kompyuta ama iko Nairobi?" Darasa likacheka. Mimi nikacheka pia, kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kujibu. Nikachora ubaoni masanduku matatu na mishale. Wakayanakili kwa rula. Kwenye mtihani wakachora masanduku hayo vizuri kabisa, msichana mmoja hata akayapaka rangi, na hakuna aliyeweza kuniambia mshale umebeba nini.

Jibu nililipata Ruiru, na nililipata kwa sababu stima ilipotea. Mnalikumbuka tawi letu la Ruiru, orofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambapo ilibidi nifundishe nikishindana na msumeno wa kukata vyuma. Alasiri moja kompyuta zote zikafa. Wanafunzi wakaanza kufunga mabegi. "Stima imeenda, Madam, tuonane kesho." Nikawaambia kaeni chini. Sikujua nitawafanyisha nini, ila nilikuwa nimepanda ngazi zile zote na sikutaka kuzishuka bure.

Nikamweka kijana mmoja mbele, nikampa karatasi ya manila niliyoitoboa katikati. Wewe ni dirisha, nikamwambia. Ndicho kile mtu anachokiona kwenye simu yake. Dirisha halina akili, lina sura tu. Linaonyesha, linapokea, basi. Nikamweka msichana kwenye meza yangu. Wewe ni karani. Huonekani na watu wa nje, lakini kazi yote ya kufikiri ni yako, na kwenye vitabu wanakuita seva. Wa tatu nikamkalisha kando ya kabati na daftari. Wewe ni stoo. Unatunza, unatoa ukiombwa, na huzungumzi na dirisha hata siku moja. Unazungumza na karani peke yake.

Kisha wengine wakapanga foleni. Kila mmoja aliandika ombi lake kwenye kikaratasi: jina langu fulani, nataka matokeo yangu ya hesabu. Dirisha linapokea, linampitishia karani. Karani anasoma, anaenda stoo, stoo inafungua daftari, karani anaandika jibu, dirisha linalionyesha. Yule aliyekuwa karani alipoona foleni imekuwa ndefu, akaegemea kiti akasema kwa sauti ya ofisini, "Kuja kesho, system iko down." Darasa lilianguka kwa kicheko. Nilimwambia kompyuta bado haijajifunza hilo, lakini tuipe muda.

Tangu siku hiyo sikurudi kwenye masanduku. Ukurasa ukiwa na sura mbaya, wanafunzi walisema wenyewe, "Hiyo ni dirisha." Hesabu ikikosewa, "Ni karani." Jana uliandika na leo hakuna kitu, "Stoo." Vyote vikinyamaza, niliwatuma waangalie waya, kwa heshima ya Bwana Kariuki. Stima iliporudi niliwaonyesha vikaratasi vile vile vikipita kwenye mashine, na mara nyingi niliona uso wa mtu ukifunguka. Niwaambie ukweli, kwa uso ule ningefundisha miaka mingine kumi.

Baadaye nikaongeza mtu wa nne, askari, nikamsimamisha mlangoni. Alikuwa akiuliza jina na neno la siri. Ukikosea, huingii. Ukipatia, anakupa kipande cha kadi uvae shingoni, unaingia kwenye foleni, unaomba unachotaka. Wanafunzi walimpenda askari kuliko wote, maana kila mtu hapa kwetu anamjua. Unafika kwenye jengo lolote, anachukua kitambulisho chako, anakuandika kwenye kitabu, anakupa beji ya mgeni. Ukishapita hapo unaweza kutembea mpaka orofa ya mwisho na hakuna atakayekuuliza umetoka wapi. Hivyo ndivyo tulivyozoea, na hivyo ndivyo nilivyofundisha. Miaka mingi.

Katika mchezo huo, mwanafunzi wangu Wairimu alikuwa askari bora niliyewahi kuwa naye. Alikuja kwangu akiwa na miaka arobaini, baada ya kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Thika kupunguza watu. Kule kiwandani walipekuliwa getini kila jioni, mikoba na mifuko ya nguo, kwa hiyo alilijua geti kwa ndani na nje. Kibodi ilimpa taabu, vidole vyake vilizoea uzi. Lakini alikuwa na kichwa cha kufuata jambo mpaka mwisho. Vijana wakicheza na simu, yeye alikuwa ananakili kikaratasi kilikotoka na kilikokwenda. Alikuwa akikaa na mimi baada ya darasa, tunakunywa chai, ananiuliza maswali mpaka chai inapoa. Nilimpenda kama mdogo wangu, na nikimwona nilijiambia kwamba kazi yangu ina maana.

Kazi yake ya kwanza aliipata kwenye kliniki ndogo Gitothua, inayosimamiwa na nesi mmoja mwenye msimamo, Sister Akoth. Wairimu aliwatengenezea programu ambayo mgonjwa anaingia kwa simu, anaona siku yake ya kurudi na dawa anazotakiwa kutumia. Alinionyesha kabla ya kuwapa. Niliingia, nikatoka, nikakosea neno la siri kusudi, nikafungiwa nje. Nikampongeza. Nilimwambia, "Wairimu, hii ni kazi safi." Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka.

Haikuchukua miezi miwili akanipigia simu asubuhi moja. Sikumtambua sauti.

"Madam, nimeharibu. Watanifukuza."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mgonjwa mmoja aliingia kwenye ukurasa wake kihalali, kwa jina lake na neno lake la siri. Akaona kwamba anwani pale juu inaishia na namba ya kadi yake. Kwa udadisi tu akafuta ile namba, akaandika inayofuata. Ukaja ukurasa wa mtu mwingine, jina, ugonjwa, dawa zote. Mtu huyo mwingine alikuwa jirani yake, Mama Shiro, anayeuza githeri, yale mahindi na maharagwe, na chapati karibu na steji ya matatu. Alikuwa anatibiwa kifua kikuu. Alikuwa ameshatumia dawa kiasi cha kutoambukiza mtu, lakini nani alingoja kuelezwa hayo? Kabla ya Jumapili kwisha, plot nzima ya nyumba za kupanga wanakoishi ilijua. Kufikia Jumatano, wateja walikuwa wanavuka barabara kula kwingine.

Nilipofika kliniki Wairimu alikuwa amekaa pembeni ya kiti, kama mtu aliyeitwa na polisi. Sister Akoth alikuwa na laptop mbele yake. Nilijaribu mwenyewe. Nikaingia, nikabadilisha namba, nikaona faili ya mtoto wa miaka mitatu nisiyemjua. Askari alikuwa mlangoni, kazi yake ameifanya vizuri kabisa. Halafu karani aliombwa faili ya mtu mwingine na akaileta, bila hata kuinua macho. Nilikuwa naangalia darasa langu la Ruiru. Niliona foleni ileile, na kadi zile shingoni, na vikaratasi. Miaka yote ile hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeomba matokeo ya mwenzake, na mimi sikuwahi kumwambia yeyote ajaribu. Nilikuwa sijawahi kuuharibu mchezo wangu mwenyewe.

Sister Akoth alimuuliza Wairimu, kwa upole ule unaotisha kuliko ukali, "Ni nani alikufundisha kufanya hivi?"

Wairimu hakuniangalia. "Hakuna, Sister. Hiyo part nilijifanyia tu mwenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na pumzi. Sikusema kitu. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, na kichwani niliiona ile sherehe, hotuba zenu, watu wakisema Madam Nafula alitulea. Nikafunga laptop, nikasema kwamba jambo hili linarekebishika. Sister Akoth akasema atatoa uamuzi kesho kama Wairimu anabaki au anaenda.

Tulitembea pamoja hadi barabarani. Nikamuuliza kwa nini alisema vile.

"Madam, mimi nikitoka hapa nitapata ingine, ama nirudi kushona. Lakini wakisema ni wewe, sasa ile cheti yetu nani ataitaka? Wote wenye walipitia kwako?" Akaniangalia. "Na pia, unabakisha kidogo tu. Wacha umalize vizuri."

Sijawahi kuaibika hivyo maishani. Mtu aliyekuwa anapoteza kazi kwa kosa langu alikuwa ananilindia jina. Na aliponiambia nimalize vizuri nilisikia nafuu, na ile nafuu ndiyo iliyonichukiza zaidi. Nilirudi Kamenu nikapika, nikashindwa kula.

Asubuhi nilikuwa kwenye kliniki kabla ya wagonjwa. Nilimwambia Sister Akoth yote, nikimchorea kwa kalamu nyuma ya fomu ya kliniki: dirisha hapa, karani hapa, stoo hapa, na askari mlangoni, ambaye nilimwachia kazi yote ya kuuliza peke yake. Nikamwambia Wairimu alifanya hasa nilivyomfundisha, na mimi ndiye niliyeikagua nikaisifu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, mimi si mtu wa kompyuta. Lakini huku kwetu nesi akimpa mgonjwa dawa isiyo yake, hatumuulizi huyo nesi peke yake." Akakunja fomu. "Jana ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Nilikuwa nimekaa."

"Sawa. Wairimu atabaki, atarekebisha. Lakini Mama Shiro ameambiwa tu 'pole, kulikuwa na shida ya mitambo'. Hajui ni nini ilimpata. Ni nani ataenda kumwambia?"

Nikasema ni mimi. Halafu nikajivuta siku tatu.

Siku hizo nilizitumia kwa yaliyo rahisi zaidi. Nilikaa na Wairimu mpaka akamfundisha karani wake kulinganisha kila ombi na mwenye kadi, kila mara, hata kama askari amesharidhika. Kisha tukafungua rejista zangu za zamani. Yeye akachukua za Thika, mimi za Ruiru, tukaanza kupiga simu. "Ni Madam Nafula. Ile programu uliyotengeneza, ukiwa ndani jaribu kuomba ya mwenzako." Wengine walicheka, wakajaribu, wakaacha kucheka. Wengine walikuwa wameshajifunza kwingine, wakaniambia kwa adabu kwamba hilo walilirekebisha kitambo. Mmoja aliniuliza kwa nini sikuwaambia wakati ule. Wengine simu zao hazipatikani, na majina yao nimeyapigia mstari kwenye rejista zilizo kwenye kabati la ofisi. Endeleeni kuwatafuta. Na kwenye mchezo, anayeanza leo apewe kikaratasi cha kuomba faili isiyo yake, siku ya kwanza kabisa, kabla hajajua jina la kitu chochote.

Siku ya nne nilikwenda kwa Mama Shiro. Ilikuwa saa saba mchana. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wanakula wamesimama kwa kukosa nafasi. Kwake kulikuwa na benchi la watu sita, limefutwa safi, na yeye amekaa nyuma ya sufuria amefunga kitambaa cha kichwa vizuri, kama mtu anayetarajia wageni. Niliagiza githeri.

"Unanijua mimi?" akaniuliza kabla ya kushika mwiko.

"Nakujua, Mama Shiro. Mimi ni mwalimu wa yule aliyetengeneza ile kitu ya kliniki. Nimekuja kukueleza vile ilifanyika."

Alinipakulia. Akakaa mbele yangu, mikono juu ya meza. "Eleza polepole. Mimi niliachia darasa la sita."

Nikamweleza. Nilikuwa nimewaeleza mamia ya watu jambo hilo, na bado nilinyoosha kola kwanza kama siku ile ya visigino. Dirisha, karani, stoo. Askari mlangoni. Alifuata kila hatua, macho hayabanduki.

"Sasa huyo askari alifanya kazi yake?"

"Alifanya."

"Na huyo wa stoo?"

"Alitoa alichoambiwa atoe."

"Kwa hivyo ni karani." Akafikiri. "Si angeuliza tu? 'Hii faili ni yako?' Maneno manne. Hata Shiro wangu wa nursery angeuliza."

"Karani haulizi mpaka aambiwe aulize, Mama Shiro."

"Na ni nani alikuwa amwambie?"

Nimeulizwa maswali mengi darasani, na mengi nimeyakwepa kwa kicheko.

"Ni mimi," nikasema. "Sikumwambia."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anaitisha chapati nyingine mbili. Mama Shiro aliangalia kule, halafu akaangalia sahani yangu.

"Kula," akasema. "Inapoa."

Nikala yote, polepole, peke yangu kwenye lile benchi la watu sita.